Mwanangu wa kambo anakesha kwa vinywaji vya kuongeza nguvu, na ameniomba baba yake asijue

BARUA

Shikamoo shangazi,

Nimekuwa msomaji wako kwa muda mrefu na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nami nitakuandikia. Naomba jina langu lisitokee. Mambo haya yakimfikia mume wangu kupitia kwako kabla hayajatoka kinywani mwangu, sijui nitaanzia wapi kujieleza.

Niliolewa na mwanaume aliyefiwa na mke. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, ambaye sasa ana miaka 16. Mama yake alifariki mtoto akiwa mdogo, kifo cha ghafla, aliamka mzima na jioni hakuwepo. Habari hiyo nyumbani kwetu haizungumzwi. Nilipoingia, kijana alinipokea kwa heshima lakini kwa mbali: salamu asubuhi, ahsante ya chakula, basi. Hakunikosea hata siku moja, ila ule ukimya wake uliniumiza. Nilijiambia sitamlazimisha.

Mwaka huu ndipo alipoanza kusogea. Anakaa jikoni nikipika, ananisimulia mambo ya mpira, ananionyesha video kwenye simu yake. Mara moja nilimsikia akimwambia rafiki yake, "Ngoja nimuulize mama." Shangazi, nilitoka nje nikalia.

Sasa yuko mwaka wa mitihani. Baba yake ni mtu mwema lakini kwenye masomo ni mkali, na akiingia nyumbani swali la kwanza ni "Leo umesoma nini?" Kijana anasoma hadi usiku wa manane, anaamka alfajiri, jioni ana mazoezi ya mpira. Mwanzoni nilimsifu. Baadaye nikaanza kuokota makopo. La kwanza lilikuwa ndani ya kiatu cha mpira, limebondwa likawa bapa. Mengine nyuma ya kabati, mengine chini ya godoro. Ni yale makubwa ya nusu lita, ya vinywaji vya kuongeza nguvu.

Nilipomuuliza hakukana. Aliniambia darasa zima wanakunywa. Yeye hunywa moja saa tatu usiku akianza kusoma, na jingine asubuhi ili asisinzie darasani. Siku ya mechi huongeza kabla ya kuingia uwanjani. Akasema yana vitamini, na kwamba baba yake anakunywa kahawa tangu asubuhi hadi jioni na hakuna anayemsema. Sikuwa na jibu. Nilisoma maandishi ya kopo: kafeini, taurini, ginseng, vitamini B. Sikujua lipi ni la kuogopa na lipi si la kuogopa.

Kilichonifanya nikuandikie ni usiku mmoja nilipoamka saa tisa kwenda kunywa maji. Nilimkuta amekaa sakafuni jikoni gizani, ameegemea friji. Nikawasha taa. Jasho lilikuwa linamtiririka na vidole vinatetemeka. Akasema, "Moyo unaenda mbio, unaruka, hautulii." Kisha akachukua mkono wangu akauweka kifuani kwake. Nilihisi mapigo yanakimbia, yanasita kidogo, halafu yanapiga kwa kishindo. Nikakaa naye hapo chini, nikampa maji, tukavuta pumzi polepole pamoja. Baada ya muda yakatulia.

Nikamwambia tumwamshe baba. Akanishika mkono. "Usimwambie baba, tafadhali. Atanitoa kwenye timu, atanyang'anya simu, na ataanza tena kuniangalia kama mtu anayekaribia kufa. Ni wewe tu ninayeweza kukwambia."

Nikaahidi. Asubuhi alienda shule kama kawaida. Tangu siku hiyo anasema amepunguza, lakini juzi nimekuta kopo jingine kwenye begi.

Nimejaribu kumpima mume wangu kwa mbali. Nilimwambia nimesoma kwamba vinywaji hivi si vizuri kwa vijana, akacheka, akasema hizo ni soda tu zenye jina kubwa. Wifi yangu naye alituma kwenye kundi la familia habari ya kijana wa Marekani aliyefariki mwaka 2017 baada ya kunywa vitu vyenye kafeini. Mume wangu akajibu kwamba watu wanapenda kutisha wenzao. Kijana aliusoma ujumbe huo mbele yangu, akaniangalia, hakusema neno.

Shangazi, vinywaji hivi ni salama kwa mtoto wa umri huu, au ni wasiwasi wangu tu? Na je, nimwambie baba yake? Nikimwambia, nitampoteza mtoto niliyemsubiri miaka yote hii. Nisipomwambia na likatokea la kutokea, sitajisamehe.

Ni mimi, Mtunza Siri

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nakushukuru kwa kuandika yote, hata yale uliyoyapitia haraka haraka, maana humo ndimo nilimopata mengi.

Ngoja nirudie ulichosema ili tuwe tunazungumza jambo moja. Una kijana anayesoma usiku kwa nguvu ya kopo. Usiku mmoja amepatwa na kitu moyoni, akakuamini wewe peke yako, akakuomba unyamaze. Unauliza kama kinywaji kina madhara, halafu unauliza kama ahadi yako inaweza kuvunjwa. Umeyafunga maswali hayo pamoja kana kwamba jibu la kwanza litakuamulia la pili. Mimi naona kila moja linasimama peke yake, na katikati yao kuna la tatu ambalo nitalifikia.

Tuanze na kopo. Katika maneno yote uliyoyasoma, la kulitazama ni kafeini. Taurini ilichunguzwa na Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya mwaka 2009, ikaonekana kwamba kwa kiasi kinachowekwa kwenye vinywaji hivi haileti wasiwasi. Vitamini B zipo kweli, kijana hakudanganya, ila zisingemfanya akae macho hadi saa nane usiku. Ukikuta neno guarana, ujue ni mmea wenye kafeini yake, nayo inaongezwa kwenye hesabu.

Na hesabu yenyewe si ngumu. Mengi ya makopo haya yana miligramu 32 za kafeini kwa kila mililita 100. Kopo dogo la mililita 250 lina miligramu 80, na la nusu lita lina 160. Yapo mengine, hasa yanayouzwa Marekani, yanayofika 300 kwa kopo moja. Mwaka 2015 mamlaka hiyohiyo ya Ulaya ilisema kwamba kwa watoto na vijana, miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku ni kiasi kisicholeta wasiwasi. Mpime kijana wako. Akiwa na kilo 55, kiwango chake ni miligramu 165 kwa siku nzima, ikiwemo chai na soda. Kopo la saa tatu usiku peke yake limekijaza. La asubuhi linakifanya mara mbili, na siku ya mechi anafika karibu mara tatu.

Kwa hiyo hofu yako haikutoka hewani. Jumuiya ya madaktari wa watoto ya Marekani ilikwenda mbali zaidi mwaka 2011 ikasema vinywaji hivi havifai kwa watoto wala vijana, kwa kiasi chochote. Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, Latvia ikafuata mwaka 2016, na Poland mwaka 2024. Nchi za Umoja wa Ulaya zinalazimisha kinywaji chenye zaidi ya miligramu 150 za kafeini kwa lita kiandikwe kwamba hakishauriwi kwa watoto. Nakupa haya ili mume wako akisema ni soda tu, uwe na la kumwonyesha. Kopo la kola la mililita 330 lina kafeini miligramu 35 hivi. La mwanawe lina zaidi ya mara nne ya hiyo.

Sukari naitaja kwa kupita. Kwa kawaida kuna gramu 11 katika mililita 100, yaani gramu 55 kwenye nusu lita, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa kwa mtu mzima ikiwezekana isizidi gramu 25 hivi kwa siku. Lakini usimshike kwa hoja hiyo. Atahamia kwenye yale yasiyo na sukari, na kafeini humo ni ileile.

Hoja yake kuhusu kahawa ya baba usiipuuze, kwa sababu nusu yake ni kweli. Kafeini ya kahawa na ya kopo ni kitu kimoja. Mtu mzima mwenye afya anaweza kufika miligramu 400 kwa siku bila wasiwasi, na kikombe cha kahawa huwa na kama 90. Tofauti iko kwenye mwili unaoipokea, saa ya kunywa, na namna ya kunywa: kahawa ya moto hunywewa kidogo kidogo, kinywaji baridi kitamu humalizwa kabla mtu hajaketi vizuri. Tena hakuna aliye na hakika kwamba mchanganyiko wa kopo unafanya kazi sawasawa na kafeini peke yake. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliwapa watu wazima 34 wenye afya karibu lita moja ya vinywaji hivi, na saa kadhaa baadaye walikuta shinikizo la damu limepanda na kipimo cha umeme wa moyo kimebadilika kuliko walipokunywa kinywaji cha kulinganishia. Hawakuugua. Lakini moyo uliguswa, na hao walikuwa watu wazima.

Habari aliyotuma wifi yako ni ya kweli. Kijana yule wa miaka 16 alikuwa amekunywa vinywaji vitatu tofauti vyenye kafeini ndani ya saa mbili hivi, na uchunguzi haukukuta ugonjwa wa moyo uliojulikana. Pamoja na hayo, vijana wengi mno duniani wanakunywa makopo haya na jioni wako uwanjani. Ukimwendea mtoto na kifo cha mwenzake mkononi, atakutajia rafiki zake wote walio hai, na mjadala utaishia hapo.

Mimi ningemwendea kwa usingizi, kwa sababu hilo analihisi mwenyewe mwilini. Tukiwa macho, ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyojaa ndivyo macho yanavyokuwa mazito. Kafeini hukaa kwenye nafasi za adenosini na kuziziba, kwa hiyo uchovu unabaki palepale ila mtu hausikii. Nusu ya kafeini huchukua kama saa tano kutoka mwilini. Akinywa miligramu 160 saa tatu usiku, saa nane usiku bado ana 80, sawa na aliyefungua kopo dogo muda huo na kulimaliza. Unamwambia mtu wa namna hiyo alale, atalalaje? Na akilala, usingizi wake ni mwepesi na mfupi. Kijana wa umri wake anahitaji saa 8 hadi 10. Asubuhi anaamka amechoka, ndipo kopo la pili linapoingia kuziba shimo lililochimbwa na la kwanza.

Kibaya zaidi kwake ni kwamba alichosoma usiku hupangwa na ubongo na kukaa vizuri wakati amelala. Anapunguza usingizi ili aongeze kusoma, na kile alichosoma kinakosa muda wa kutulia. Mwambie hili bila kumsuta. Mwambie pia kwamba kuchelewa kupata usingizi katika umri wake si uvivu, saa ya mwili wa kijana husogea mbele kweli. Baba yake naye angefaidika kulisikia.

Hapo nataka kukuuliza jambo, mwanangu. Una hakika kwamba tatizo ni kopo? Kijana anayepata usingizi wa saa nne au tano tu, ana masomo, mazoezi na baba anayeuliza kila jioni, atatafuta kitu cha kumshikilia. Leo ukimnyang'anya makopo yote na ratiba ikabaki ilivyo, kesho atahamia kwenye kahawa kali, au kwenye vidonge vya kafeini ambavyo ni rahisi zaidi kuvizidisha. Anaposema amepunguza kisha unakuta kopo kwenye begi, huenda alipunguza kweli na kichwa kikamuuma. Aliyezoea kafeini akiacha ghafla, ndani ya saa 12 hadi 24 huanza kuumwa kichwa, kuchoka na kukasirika ovyo, na hali hiyo inaweza kudumu siku 2 hadi 9. Katika msimu wa mitihani hizo ni siku nyingi, na pengine hakuna aliyemwambia kwamba zinapita.

Sasa nifike kwenye lile la tatu.

Uliandika kwa mstari mmoja kwamba mama yake alifariki ghafla, aliamka mzima na jioni hakuwepo. Kisha ukaendelea na habari nyingine. Mimi niliposoma kwamba moyo wa kijana ulikuwa unakimbia, unasita, unapiga kwa kishindo, nilirudi kwenye mstari ule nikausoma upya. Sisemi mama yake alikufa kwa moyo. Vifo vya ghafla vina sababu nyingi, na mapigo kuruka baada ya kafeini nyingi, bila usingizi, mara nyingi ni jambo linalopita lisiache kitu. Lakini yapo magonjwa ya moyo ya kurithi yasiyoonekana kwa macho. Msuli wa moyo unaweza kuwa mnene kupita kawaida, au umeme wake ukachelewa kujipanga upya baada ya kila pigo. Mtu anaweza kucheza mpira kwa miaka asijue. Ndiyo maana madaktari huuliza kila mara: kuna mtu katika familia aliyekufa ghafla akiwa bado kijana? Na ikiwa yupo, hushauri watoto wake na ndugu zake wa tumbo moja wapimwe.

Kafeini nyingi kwenye moyo wa namna hiyo ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2024 watafiti wa Mayo Clinic ya Marekani walipitia taarifa za watu 144 walionusurika baada ya moyo kusimama ghafla, wakakuta 7 kati yao walikuwa wamekunywa kinywaji cha kuongeza nguvu muda mfupi kabla. Wenyewe walikiri kwamba hilo halithibitishi kuwa kinywaji ndicho chanzo, kwani mengine kama kukosa usingizi nayo yalikuwepo. Walichowasihi wenye magonjwa hayo ni kujihadhari.

Kwa hiyo katika suala la kijana kuonana na daktari sitazunguka: aende, na mapema. Kipimo cha umeme wa moyo hakiumi na huchukua dakika chache, na daktari ataamua kama kuna haja ya vingine. Hadi aonwe, ni busara aache makopo kabisa, hata kichwa kimuume, na apumzike mazoezi makali. Akizirai, hasa akiwa anakimbia, au kifua kikimbana, au akikosa pumzi, au moyo ukianza mbio tena na usitulie, hiyo ni dharura ya saa ileile, ya mchana au ya usiku, na siri haina nafasi humo.

Mengine yote nakuachia wewe, kwa sababu wewe ndiye unayewajua watu hawa wawili.

Umesema ukimwambia baba utampoteza mtoto. Inawezekana. Ila tazama tena usiku ule. Angeweza kubaki chumbani kwake. Hata ulipomkuta, angeweza kusema ana kiu, akarudi kulala. Mtoto anayetaka jambo lisijulikane kabisa hachukui mkono wako na kuuweka kifuani kwake. Huenda alikuwa anatafuta mtu mzima wa kumsaidia kubeba hofu, na kunyamaza kwako ndilo jambo pekee lililomjia la kuomba. Kama ndivyo, kumtunza na kumtunzia siri si lazima viende pamoja.

Na baba je? Umemweleza kama mtu wa masomo, mwenye kucheka onyo lako. Lakini kijana alisema jambo jingine, kwamba ataanza tena kuniangalia kama mtu anayekaribia kufa. Neno "tena" limenigusa. Huyo ni mtu aliyeondoka nyumbani akiwa na mke na jioni akawa hana. Pengine anapoziita soda tu, anakataa kufungua mlango ambao akiufungua hatalala. Pengine hata ukali wa masomo ni njia yake ya kuamini kwamba mtoto huyu ana kesho. Nakisia tu, wewe utajua kama nimekosea. Lakini ukimwendea kama mtu mwenye hofu, maneno yako yatakuwa tofauti na ya kumwendea mtu asiyejali.

Ukiamua kunyamaza na kumpeleka mtoto kwa daktari ninyi wawili, kijana atakushukuru na pengine atapimwa mapema zaidi. Hatari ni kwamba daktari atauliza kuhusu mama yake, nawe huna jibu. Tena mume wako akija kujua baadaye, atajua mambo mawili kwa pamoja: kwamba moyo wa mwanawe uliwahi kusumbua, na kwamba mkewe alijua. Kwa mtu aliyewahi kufiwa vile, hilo linaweza kuchukua muda mrefu kupona.

Ukimwambia mume wako leo usiku, mlango umefungwa, utalala umetua mzigo. Lakini kijana akiulizwa kesho asubuhi na baba aliyekwisha kukasirika, atajifunza kwamba safari ijayo asikae jikoni. Makopo yatahamia mahali usipoweza kuyaokota.

Ipo njia ya kurudi kwanza kwa kijana mwenyewe. Sio kumwomba ruhusa, ni kumheshimu. Unaweza kumwambia hivi: "Niliahidi, na sitaenda kwa baba nyuma yako. Kuhusu makopo tunaweza kuelewana mimi na wewe. Kuhusu moyo siwezi kunyamaza, kwa sababu daktari atahitaji jambo ambalo baba peke yake ndiye analijua. Unaweza kumwambia mwenyewe, au tukamwambia pamoja, au nikamwambia mimi ukiwa umekaa hapo." Mpe muda wa kuchagua, lakini uwe wa siku moja mbili, usiwe wa wiki. Anaweza kukasirika. Anaweza kurudi kwenye ule ukimya wake wa zamani kwa muda, na najua hilo ndilo unaloliogopa kuliko yote. Uwe tayari kukaa nao. Uliwahi kuusubiri bila kumlazimisha, na alikuja.

Kuwa mwangalifu namna utakavyomtaja mama yake. Usimwambie huenda ana ugonjwa wa mama. Mtoto aliyefiwa hulala na wazo hilo bila kusaidiwa na mtu. Mwambie tu kwamba daktari huuliza afya ya wazazi wote wawili, jambo ambalo ni kweli kwa kila mgonjwa.

Na mkishavuka hapo, vipimo vikija vizuri kama ninavyoomba, bado mtabaki na ratiba yake mezani. Labda mazoezi ya siku moja yaachwe hadi mitihani iishe. Labda kusoma kuanze mapema na taa izimwe mapema. Labda swali la baba libadilike jioni. Hayo yatawahitaji wote watatu, na itakuwa vigumu kuyazungumza ikiwa mmoja wenu hajui kwa nini yanazungumzwa.

Siku ya daktari beba kopo lenyewe, hata tupu, ili asome kiasi cha kafeini badala ya kukisia. Andika kabla ya kutoka: alikunywa mangapi siku ile na saa ngapi, moyo ulianza lini, ulidumu muda gani, kama aliwahi kuzirai au kupata kizunguzungu uwanjani, na dawa zozote anazotumia, hata za pumu au mafua, kwani baadhi huongeza kasi ya moyo. Andika pia umri wa mama yake alipofariki, na kile kilichosemwa hospitali siku ile. Hayo mawili ya mwisho utayapata kwa mume wako.